Kisiwa Panza Umeiitaje?

Kabla hujaandika hata herufi moja, tengeneza folda. Ipe jina fupi lisilo na nafasi katikati, kisha kila ukurasa, kila picha, kila kitu cha kazi hiyo kitie humo humo tangu mwanzo. Usijiambie utakuja kuvikusanya mwisho. Mwisho kuna mengine.

Nimeanza na hilo kwa sababu mwalimu wenu aliponijia nyumbani Machomanne kuniomba niwaandikie habari za kazi yangu, nilimwambia sina habari kubwa. Nilikuwa mpiga chapa wa serikali hapa Chake Chake mpaka nilipostaafu, basi. Akacheka, akasema, "Bi Zuwena, wanafunzi wangu hawaamini kuwa zamani watu walitengeneza tovuti kwa programu ya kuandikia barua, tena pasipo na mtandao." Haya, nyinyi msioamini, kaeni kitako. Tulitengeneza. Tulikuwa wawili, mie na Bi Raya, na sehemu kubwa ya kazi ile tuliifanya bila ya kusemezana.

Raya nilianza naye kazi siku moja. Tulitoka mafunzoni pamoja, tukapewa chumba kimoja, meza mbili zinazotazamana na taipureta mbili nzito za chuma. Siku hizo waraka wa kusambazwa ulipigwa kwenye stensili, karatasi laini yenye nta. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unapuliza mpaka ikauke, ndipo unapiga tena juu yake. Mie nilikuwa mwepesi wa vidole na mwepesi wa kukosea. Nikikosea nilimnyooshea Raya stensili yangu, naye huipuliza huku macho yake yako kwenye kazi yake mwenyewe. Chai tulikunywa pamoja. Doti ya kanga tulinunua moja, kila mtu akachukua upande wake. Watu walidhani ni ndugu yangu, na sikuwa nikiwasahihisha.

Kisha vikaja vyama vingi. Nyinyi mmezaliwa mkavikuta, mnaviona ni jambo la magazetini. Kwetu viliingia mpaka jikoni. Nyumba yetu ilikuwa ya chama kile, nyumba ya kina Raya ya chama hiki, na kwa Pemba ya wakati ule, sisi wa upande ule, upande wa serikali, tulikuwa wachache. Uchaguzi ulipopita, mume wa Raya, mtumishi wa serikali kama sisi, akaachishwa kazi. Barua yake haikutaja sababu. Lakini mji mzima ulisema alionekana kwenye mkutano wa chama chao, na kwamba aliyepeleka jina lake ni sheha, mkubwa wa serikali mtaani. Sheha wa mtaa alikuwa Mjomba Haji, kaka yake mama yangu.

Asubuhi yake niliingia ofisini nikatoa salamu. Raya alikuwa akitia karatasi kwenye taipureta. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akaanza kupiga, akipiga kwa nguvu, na mie nimesimama mlangoni na salamu yangu. Mchana nilipotoka kusali, nilirudi nikakuta ameigeuza meza yake inatazama ukuta.

Jioni ile nilikwenda kwa Mjomba Haji, nikamuuliza. Alikuwa anakata kucha barazani kwake. Hakuona haya wala hakukasirika.

"Niliulizwa, nikajibu," aliniambia. "Ningeulizwa habari zako ningejibu vilevile."

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Sikujua la kufanya na ukweli ule. Kumwambia Raya ni kumwambia anachokijua, na kunyamaza ni kana kwamba nimekubali. Nikanyamaza.

Na hakuwa Raya peke yake. Nikifika kwa muuza samaki, samaki anawaona na mie nawaona, naye ananiambia wamekwisha. Jirani alifariki, nikaenda kusaidia, nikaambiwa mlangoni kwa upole kuwa watu wametosha. Mume wangu alikuwa Mombasa kwa biashara zake ndogondogo. Mama yake alimpelekea neno kuwa hataki tena mkwe wa nyumba ile, na baada ya muda ikaja talaka, mikononi mwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Watoto hatukujaaliwa. Nikabaki na nyumba, redio na kazi. Ofisini nilikuwa na mtu mmoja tu chumbani, na mgongo wake niliujua kuliko uso wangu.

Sasa njooni kwenye kompyuta.

Ofisi yetu ilihusika na mambo ya skuli. Kuna wageni walitusaidia kompyuta, nao wakataka kitu kimoja: tovuti ya skuli za Pemba, watu wa mbali wazione. Mkuu wetu, Mzee Faki, alikuwa mtu mwema asiyependa ugomvi karibu yake. Kompyuta moja aliileta chumbani kwetu, akaiweka katikati, akasema Bi Raya ataitumia asubuhi mpaka adhuhuri na mie kutoka adhuhuri mpaka tunafunga. Hakutuuliza kwa nini isiwe pamoja. Mtandao haukuwapo. Tovuti yote ilikuwa itengenezwe hapa, itiwe kwenye disketi, ipelekwe Unguja kwa meli, na huko ndiko itakakopandishwa.

Wa kutufundisha alikuwa Mwalimu Yustina, mwanamke wa Songea aliyekuwa akisomesha hesabu kwenye skuli moja hapa mjini. Alipata mafunzo ya kompyuta Dar es Salaam kabla hajahamishiwa kwetu. Mrefu, mkristo, anasema "shule" na "dada," na nywele zake hazikuwa na mtandio. Watu wa bara wakati ule hawakutazamwa vizuri, ilisemwa wanaletwa kwa ajili ya kura. Yeye aliletwa kwa ajili ya hesabu. Jumapili alisali kwenye kanisa dogo, kisha alirudi chumbani kwake kupika ugali wake peke yake. Aliniambia siku moja kwamba tangu afike Pemba hakuna mlango wa mtu alioingia ila wa ofisi. Nilitaka kumwambia aje kwangu. Nikafikiria jirani zangu watakavyosema, wa bara kaingia nyumba ile, nikachelewa. Baadaye nilimkaribisha, akaja, akala, akakosha vyombo nami. Lakini nilichelewa.

Siku yake ya kwanza aliketi katikati yetu, hajui kitu.

"Dada Zuwena, mwambie mwenzako abonyeze hapa."

Nikatazama dirishani. Raya akabonyeza bila ya kuambiwa.

"Bi Raya, muulize Bi Zuwena kama ameelewa."

Raya akakohoa.

Mwalimu Yustina alituangalia mmoja mmoja kama anayetafuta kosa kwenye hesabu. Baada ya hapo alitufundisha mara mbili, asubuhi mmoja, mchana mmoja.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Programu ilikuwa hii hii mnayoandikia barua. Humo ndani, ukitafuta kwenye menyu, kulikuwa na amri ya kuigawa karatasi kwa fremu. Unaukata ukurasa vipande viwili: kipande chembamba kushoto, kipana kulia. Kushoto unaorodhesha majina ya skuli. Kila jina unalitia kivuli, unabonyeza Control na K, unaandika jina la faili la kufunguliwa, na jina linageuka bluu na kupigwa mstari chini. Hiyo ndiyo linki. Mtu akiligusa jina, ukurasa wa skuli ile unatokea kulia, na orodha inabaki palepale kushoto.

Lakini haitokei kulia mpaka uiambie. Hapo ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Fremu ya kulia lazima uipe jina, na kila linki uiambie ifungue kwenye fremu ya jina lile. Mie sikufanya. Nikaigusa linki ya Mkoani, ukurasa wa kujaribia niliouandika mwenyewe, mbele ya Mzee Faki, na skuli nzima ya Mkoani ikafunguka kwenye kile kipande chembamba cha kushoto, neno moja kila mstari, na picha ya mwalimu mkuu ikaonekana sikio tu. Mzee Faki akaivalia miwani. "Sasa huyu," akauliza, "ndiyo tumemwona au bado?" Mwalimu Yustina alicheka mpaka akakaa chini. Na kule kwenye meza ya ukutani niliona mabega ya Raya yanatikisika. Nililiona hilo, nikalichukua nikaenda nalo nyumbani.

Kitu kingine. Ukihifadhi ukurasa wenye picha, programu ile inazaa folda ndogo ya pembeni inayobeba zile picha. Msizitenganishe. Ukilihamisha faili na folda yake ukaiacha, picha zote zinageuka vijisanduku vitupu. Na fremu zenyewe, ule ukurasa mkubwa unaokusanya vipande, hauna maandishi ndani yake. Ni kama dirisha, unachokiona kiko nje yake. Nimeona watu wanalifungua faili lile, wanaona halina kitu, wanalifuta, kisha wanalia.

Mzee Faki aligawa kazi. Orodha na fremu ni zangu. Kurasa za skuli, maelezo na picha zake, ni za Raya. Ikawa asubuhi Raya anaandika skuli zake, mchana mie naunganisha majina yangu. Linki iliyokwisha kuguswa inabadilika rangi, inakuwa ya zambarau. Nikifungua mchana nilikuta baadhi ya majina yamegeuka zambarau, nikajua asubuhi ile Raya alipita hapa, aligusa Konde, aligusa Kengeja, hakugusa Wete. Msinicheke. Mtu asiye na wa kumsemesha husoma chochote.

Zikakaribia siku za kupeleka disketi Unguja. Mwalimu Yustina akaja kukagua. Akagusa Kisiwa Panza, kompyuta ikasema faili halipo. Akagusa Wesha, halipo. Konde, halipo. Akashuka nayo orodha mpaka chini, na kila alipogusa ni halipo, halipo. Zile nilizozikuta mchana zina zambarau, Raya alikuwa amezigusa asubuhi na kukuta halipo, na hakusema; mie sikuwa nimegusa hata moja.

Mwalimu akafungua folda. Mafaili ya Raya yalikuwamo, yamekaa vizuri, ila hakuna hata moja lililokuwa na jina nililolitaja mie. Raya aliyaita kwa akili yake, na mie niliyaunganisha kwa akili yangu.

Mwalimu Yustina akasimama. Akautazama mgongo wa Raya, akanitazama mie.

"Nina kipindi," akasema. "Mkishaelewana majina, niiteni."

Akatoka. Nilimsikia mpaka mlio wa viatu vyake ukapotea barabarani. Tukabaki wawili. Feni ilikuwa ikizunguka na kugota, ikizunguka na kugota. Nilijua yeye hataanza. Mume wake ndiye aliyekosa kazi, kwa nini aanze yeye?

Nikauambia ukuta, "Kisiwa Panza umeiitaje?"

Raya hakugeuka.

"Panza," akasema.

"Panza tu?"

"Panza tu. Kuwa ni kisiwa wanajua."

Nikaiandika.

"Na Wesha?"

"Wesha ni Wesha. Weye umeiitaje?"

"Mie nimeiita skuli-ya-wesha."

"Kwani humo ndani mna Wesha nyengine isiyokuwa skuli?"

Nikacheka. Sikutaka kucheka, lakini kicheko kilitoka. Naye hakucheka, ila aligeuza kiti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikamwona uso. Alikuwa amekonda. Tukaipitia orodha nzima hivyo, mie natamka, yeye anajibu, na kila jina nikiligusa linafunguka. Hatukusema lolote jengine. Tulipofika Micheweni, ambako ndiko kwao, akasema, "Hiyo bado sijaiandika. Nimeiacha mwisho." Kisha akachukua buibui lake, akaenda zake. Hakuaga.

Wanangu, kama mnataka sheria yangu ya majina ya mafaili, ni hiyo: herufi ndogo, neno moja, na muafikiane kabla hamjaanza.

Mwalimu Yustina akaichukua disketi akaijaribu kwenye kompyuta ya skulini kwao. Akarudi amenuna. Hakuna hata linki moja iliyofunguka. Zote zilikuwa zikitafuta mafaili kwenye mashine yetu, kwenye folda aliyokuwa akihifadhia Raya, kana kwamba kompyuta zote duniani ni ile ya chumbani kwetu. Wakati naunganisha, mafaili ya Raya yalikuwa sehemu moja na fremu zangu sehemu nyengine, kwa hiyo programu ikaandika njia ndefu, mlango wa nyumba hadi chumba. Ndiyo maana nimekwambieni folda moja tangu mwanzo. Vitu vikikaa pamoja, linki inaandika jina la faili tu, na popote utakapoipeleka folda inafunguka.

"Ni kuanza upya," Mwalimu akasema. "Na kwa siku zilizobaki, mtu mmoja hamalizi. Mmoja asome, mmoja abonyeze."

Raya akasogeza kiti chake hata kwenye kompyuta. Mzee Faki alipochungulia mlangoni akatuona tumekaa bega kwa bega, alirudi nyuma polepole kama mtu aliyeona ndege na hataki aruke.

Ilikuwa kwenye kazi ile, mchana mmoja, umeme ukakatika. Umeme wetu wakati ule ulikuwa wa kwenda na kurudi, na mtu hujui kama utakaa kidogo au utalala huko huko. Tukabaki tumeikabili skrini nyeusi. Joto likaanza kuingia. Kwa kawaida Raya angeondoka. Hakuondoka.

"Mjomba wako si weye," akasema. "Najua. Lakini kila nikikutazama nilikuwa namwona yeye."

"Nilimuuliza," nikamwambia. "Ni kweli alimtaja."

"Hilo najua. Alikuja mwenyewe akamwambia mume wangu, barazani, watu wanasikia." Akafuta skrini kwa ncha ya mtandio, ingawa haikuwa na vumbi. "Nilichokingoja ni weye unambie. Nikaona umenyamaza. Nikasema, basi naye ni wao."

Nilimwambia kuwa samaki siuziwi. Nilimwambia habari ya talaka. Alikuwa ameisikia, lakini alinisikiliza kana kwamba haijui. Kisha ili tusilie, nilimuuliza ataandika nini kwenye ukurasa wa Micheweni, naye akanisimulia. Kwamba skuli ile imesimama juu ya jiwe tupu la matumbawe, huwezi kupanda hata mti wa kivuli. Kwamba maji ya bamvua, yale ya kupwa sana, yakitoka, madarasa yanapungua watoto, maana wanakwenda na mama zao pwani kwenye mwani, na mwalimu mwenye akili hatoi mtihani siku hizo. Kwamba yeye mwenyewe alijifunza kusoma pale, na mama yake, Bi Mize, alikuwa akimpitia skuli mikono imechanika kwa kamba za mwani. Umeme ukarudi. Tukaendelea na Wete.

Ningependa kukwambieni kuwa baada ya hapo tulirudi kunywa chai pamoja. Hatukupata nafasi. Uchaguzi mwengine ulikuwa umeshapita na siasa zilikuwa zimechacha, na zikaja zile siku mbaya ambazo wazee wenu wanazijua na si mie wa kuzieleza hapa. Watu walifunga milango. Waliokuwa na vyombo vya bahari walivuka usiku kwenda ng'ambo, Kenya. Ofisi ilipofunguliwa tena, kiti cha Raya kilikuwa kitupu. Alivuka na mume wake na watoto. Hakuna aliyenambia, nilisikia watu wakisemezana dukani, wakanyamaza waliponiona.

Nikaifungua kompyuta asubuhi, saa zake. Nikagusa Micheweni. Upande wa kulia ukaja ukurasa mweupe wenye mstari mmoja aliouacha: "Ukurasa huu unaandikwa."

Mzee Faki akaniambia niandike chochote, disketi iondoke. Nikaandika. Niliandika jiwe la matumbawe, niliandika bamvua na mwani, na mwalimu asiyetoa mtihani maji yakitoka. Niliyaandika kwa maneno aliyoyasema, kadiri nilivyoyakumbuka. Jina lake sikulitia. Siku zile kulitia jina la mtu aliyevuka hakukuwa kumtendea wema.

Disketi ikaenda. Mwalimu Yustina naye akahamishwa kurudi bara, nikamsindikiza Mkoani kwenye meli, nikarudi. Chumba nikabaki nacho peke yangu. Waliajiri mwengine baadaye, kijana mwema, lakini aliwekwa chumba cha mbele.

Tovuti ile niliiona mara ya kwanza miaka baadaye, lilipofunguliwa duka la mtandao hapa Chake. Nililipa, nikaandika anwani, nikangoja. Kushoto ikashuka orodha yangu. Nikagusa Micheweni, ikafunguka kulia, palipotakiwa. Nilikaa nikiitazama mpaka muda wangu ukaisha, mwenye duka akaniuliza, "Bi, umekwama?" Nikamwambia hapana, nasoma. Nilikuwa nafikiri kuwa kama Raya yuko mahali penye mtandao, huenda akaigusa naye. Sijui kama aliigusa. Mtandao hauna rangi ya kuniambia alikopita mtu wa ng'ambo. Baada ya muda nikaandika anwani tena nikaambiwa hakuna kitu kama hicho. Fremu siku hizi hamzitumii, nami naona mna haki, zilikuwa na matatizo mengi. Linki zimebaki.

Habari ya Raya niliisikia kwenye matangazo ya vifo ya redio. Amefariki Mombasa, amezikwa huko huko, hitima itasomwa Micheweni nyumbani kwa mama yake. Wakati huo viongozi wa vile vyama viwili walikuwa hawajapatana, na watu walikuwa bado hawazikani. Nilikaa kitandani na redio inaendelea na mambo mengine. Nilijua kuwa mtu wa nyumba yetu akifika hitima ya nyumba ile anaweza kurudishwa mlangoni, na nilishawahi kurudishwa kwa jirani, seuze huko. Asubuhi nikavaa, nikapanda gari ya Micheweni.

Nyumba niliijua kwa wingi wa watu. Wanaume mbele, wanawake uani, wanapika. Nilipoingia uani nikatoa salamu. Mazungumzo yakakatika. Mmoja alinijua, nikamwona anamnong'oneza mwenzake, na jina la Mjomba Haji likapita kutoka mkeka hadi mkeka. Hakuna aliyeinuka wala aliyesogea. Nilisimama pale na pochi yangu nimeishika kwa mikono miwili.

Kwenye kizingiti cha jiko kulikuwa na bibi mmoja mdogo wa mwili, macho yake yameingia ukungu; nikajua ndiye mama yake Raya.

"Nani kaja?" akauliza.

Ikabidi nijibu mwenyewe.

"Ni mie, Bi Mize. Shikamoo. Zuwena. Wa ofisini, Chake."

"Zuwena," akasema. Akakaa nalo lile jina. "Zuwena wa taipureta?"

"Ndiye."

"Marahaba." Akawageuzia uso wale wanawake, kwa upande aliosikia pumzi zao. "Huyu ndiye. Kuna siku Raya alikuja hapa kutoka Chake, hata buibui hajavua, anacheka peke yake. Nikamuuliza, mwanangu, una nini weye? Akanambia, mama, Zuwena leo kanisemesha. Nikamuuliza kakwambiaje. Akasema, kaniuliza Kisiwa Panza nimeiitaje." Bi Mize akatikisa kichwa. "Mpaka leo sijaelewa lilikuwa jambo gani. Lakini alicheka siku ile, na ulikuwa mwaka wa kutocheka."

Nilitaka kumweleza. Lakini ningemwelezaje? Habari ya fremu na mafaili, mbele ya masufuria?

Bi Mize hakungoja maelezo. Akapapasa ukutani mpaka akaipata mbuzi ya kukunia nazi, akaivuta, akaiweka karibu na miguu yake.

"Kaa ukune," akaniambia. "Wali unangoja tui."

Nikavua viatu, nikafunga kanga kiunoni, nikakaa juu ya mbuzi. Nikaanza kukuna. Hakuna aliyenisemesha. Mazungumzo yalirudi kidogo kidogo, yakawa yanapita juu ya kichwa changu, habari za watu nisiowajua. Nilipomaliza kizio cha kwanza cha nazi nikakiweka chini, na kabla sijainua uso nione ni nani, mkono wa mtu ukanisogezea cha pili.